Idang Hakuwa Penoy

Wifi yangu Idang alipima joto kwa kope. Alitoa yai moja la bata kwenye kapu, akafumba jicho la kulia, akaliegemeza yai juu yake na kutulia kidogo. Kisha alikuwa akisema, "Bado," au "Limezidi," au "Hapo hapo." Kipimajoto tulikuwa nacho. Kaka yangu Ponso alikinunua Manila akakitundika ukutani kwa madaha, kikakaa pale mpaka buibui wakakifanya makazi. Sisi watu wa Pateros, mji wa wafuga bata karibu na Manila, hatukuhitaji kuambiwa na kioo kwamba mpunga umeshika joto.

Siku hizi mayai yanakuja kwa lori kutoka mikoa ya mbali, yanaingizwa kwenye kabati la umeme, mtu anabonyeza kitufe na kwenda zake kulala. Mtoni hakuna bata hata mmoja. Mimi nina miaka themanini na moja, na nikiwaambia wajukuu kwamba asubuhi bata walijaa mto ule hadi huoni maji, wananitazama kwa huruma. Sijali. Ninachokililia ni ile harufu ya mpunga uliokaangwa na maganda yake, harufu iliyokaa kwenye nywele zetu, kwenye mashuka, hata kwenye nguo za kanisani. Ukipanda basi la Manila watu walijua umetoka wapi kabla hujafungua mdomo.

Kazi yetu ilikuwa balut: yai la bata lenye kifaranga ndani, lililochemshwa kabla kifaranga hajaota manyoya. Unatoboa ncha, unafyonza mchuzi wake, unatia chumvi, unakula. Ukikunja uso, shauri yako.

Tulikaanga mpunga kwenye karai kubwa mpaka ukawa wa moto, tukaujaza kwenye mifuko ya nguo, kisha tukaupanga ndani ya makapu marefu: mfuko wa mpunga, mfuko wa mayai, mfuko wa mpunga, mfuko wa mayai. Makapu yenyewe yalizungukwa na makapi ili joto lisitoroke. Mara mbili kwa siku tuliyapindua yote, ya juu yakaenda chini na ya chini yakaja juu. Bata mama analalia kwa kifua chake, sisi tulilalia kwa mikono.

Kisha kulikuwa na kumulika. Nyuma ya nyumba tulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake sanduku lenye taa na tundu moja la ukubwa wa yai. Unaliweka yai kwenye tundu na ndani yake panafunguka. Likiwa na siku nne unaona doa dogo jekundu, na mishipa myembamba imetambaa kutoka hapo pande zote. Siku ya tisa mishipa imelizunguka karibu yai zima, na ukiwa na subira unaliona jicho, nukta nyeusi inayotikisika. Siku ya kumi na nne upande mmoja umekuwa giza na kifaranga anarusha mguu. Siku ya kumi na saba amejikunja, amefunikwa na utando mweupe, na hapo ndipo tunamtoa, kwa sababu ukimwachia siku tatu zaidi manyoya yanamkwama mteja kooni na anakuja kukutukana mlangoni.

Hayo ni mayai yaliyopata dume. Lile ambalo halikupata linabaki angavu, ulimulike siku ya kwanza au ya thelathini, ni kiini na ute basi. Hilo ndilo penoy. Nalo linachemshwa na kuuzwa, na wapo wanaolipenda kuliko balut. Wachuuzi walipita mitaani wakinadi yote mawili kwa pumzi moja: "Baluuut! Penoooy!"

Mama yangu, ambaye mji mzima ulimwita Aling Sepa kwa heshima, ndiye aliyekuwa bingwa wa kumulika. Baba alikufa wakati wa vita, na Mama aliishikilia kazi ile peke yake mpaka Ponso akakua. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno ya kupoteza. Alimulika mayai mia tano huku mimi nikimaliza mia moja kwa shida.

Idang alikuja kwetu akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, kutoka San Miguel kule Bulakan, mrefu kumzidi Ponso, akiwa na viatu vyekundu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Bata hakuwajua kabisa. Wiki ya kwanza Mama alimweka kwenye karai la mpunga, na mikono yake ikababuka hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja, nikampaka mafuta ya nazi.

"Wifi," akaniambia huku akigumia, "huyu mama yako ananipika mimi au mpunga?"

Hapo hapo nikampenda. Nampenda mpaka leo, naye hayupo.

Baada ya miaka miwili alikuwa anamulika sawa na Mama. Mama hakumsifu hata siku moja. Alilipitia upya kila kapu alilolipitia Idang, akitafuta kosa, na alipolikosa alikasirika. Lakini mle chumbani, tukiwa wawili tu, ilikuwa raha. Nilipoanza kuchumbiwa na kijana mmoja wa Taguig, Idang aliinua yai angavu mbele ya taa na kusema, "Mtazame mchumba wako! Nje amenyooka, ndani hamna kitu. Penoy mtupu!"

"Na wako je?" nikamjibu. "Ponso ni yai la siku ya ishirini. Manyoya matupu."

Tulicheka mpaka Mama akagonga ukuta.

Lakini miaka ilikwenda, mitatu, mitano, minane, na tumbo la Idang likabaki vilevile. Hapo neno lile likaacha kuwa la kuchekesha. Sikumbuki nani alianza. Pengine mmoja wa wanawake waliokuja kununua mayai, pengine Aling Biyang, jirani yetu, aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko barabara ya kwenda Pasig. Ninachokumbuka ni kwamba mchuuzi alipopita jioni akinadi, Idang aliacha kuongea mpaka sauti ile ipotee. Na Mama, Mungu amrehemu, alilichukua neno lile na kuanza kulitumia.

"Mkweo vipi, Aling Sepa?" Biyang alikuwa akiuliza.

"Penoy," Mama alikuwa akijibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mayai yake. "Hata ulipashe joto mwaka mzima."

Ponso alikuwa akisikia. Anakaa pale, anakoroga mpunga, masikio yanamwiva. Nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Mwaka ule ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwishoni mwa Oktoba Mama alitangaza, tukiwa mezani tunakula samaki wa kukaanga na wali, kwamba sikukuu ya Watakatifu Wote ikipita Idang atarudi kwao San Miguel "akapumzike". Kila mtu Pateros alijua kupumzika huko ni kupi. Hatungeweza kuvunja ndoa ya kanisani, lakini mwanamke akirudishwa kwao na sanduku lake hakuna anayemtuma mtu kumfuata. Ponso angetafutiwa mwingine wa kumzalia, bila pete wala padri, na mji ungefumba macho.

"Mama," Ponso akasema.

"Nini?"

"Basi tu."

"Basi tu, kula."

Idang alikula samaki wake wote. Alichambua hata kichwa.

Kesho yake tuliingia naye chumbani kumulika kapu la siku ya tisa. Tulifanya kazi muda mrefu. Kisha akaliweka yai moja tunduni, akasogea pembeni.

"Tazama hilo. Unaona nini?"

Nikatazama. Mishipa haikuwepo. Palikuwa na duara moja jekundu, jembamba, limelizunguka kiini, na katikati yake doa lisilotikisika.

"Pete ya damu," nikasema. Ndivyo tulivyoliita. Yai lililopata dume, likaanza, mishipa ikatoka, kisha siku ya nne au ya tano ikasimama. Damu inarudi nyuma na kukusanyika kwenye duara.

"Ni penoy?"

"Hapana. Wifi, unanifundisha kazi ya nyumbani kwetu?"

"Nakuuliza. Ni penoy?"

"Si penoy. Lilianza."

"Ndiyo," akasema. "Lilianza." Akalitoa yai, akalishika kwa mikono miwili. "Mimi ni hilo, Trining. Mara tatu. Wa kwanza mwaka wa kimbunga kile kilichobeba paa la soko. Nilikuwa na wiki kumi, nilikuwa nishaanza kuchukia harufu ya mpunga. Wa pili sikumfikisha hata hapo. Wa tatu ni huyu wa Juni. Uliniona nimelala siku mbili nikakwambia tumbo limeniharibika kwa samaki."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemletea uji wa tangawizi na kumtania kwamba ni mlafi.

"Ponso anajua?"

"Wa kwanza anajua. Alilia, akaniomba nisimwambie mama yake. Hao wengine sikumwambia hata yeye. Yule wa Juni nilimfunga kwenye foronya, nikamzika nyuma ya zizi la bata."

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii Mama anakuita..."

"Na yai kama hili tunalifanyaje?" akanikatiza.

Jibu nililijua. Penoy inauzwa, haina neno. Yai lenye pete ya damu likiachwa kapuni linaoza, linapasuka, na kuyaharibu yaliyo karibu nalo. Mama alitufundisha hivyo tangu siku ya kwanza: ukiliona, toa upesi, usilisubiri.

"Unaona sasa," Idang akasema. "Heri niitwe penoy. Penoy amewekwa miaka minane, pete ya damu ningetolewa siku hiyo hiyo."

Aliniapisha nisimwambie mtu. Niliapa kwa Santa Marta, msimamizi wa mji wetu, na nikiapa huwa sivunji. Nilivunja mara moja tu maishani.

Siku ya Watakatifu Wote tulikwenda makaburini asubuhi, tukang'oa majani kwenye kaburi la Baba, tukalipaka chokaa, tukala pale pale wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Tuliporudi nyumbani, alasiri, sanduku la Idang lilikuwa tayari kwenye kibaraza. Basi la Bulakan lilikuwa la kesho yake alfajiri, lakini Mama alitaka lionekane. Aling Biyang naye, kama kawaida yake, akawa amefika kuomba siki.

"Ndiyo anaondoka?" akauliza, huku akimtazama Idang kama vile hayupo.

"Anakwenda kupumzika," Mama akasema.

"Afadhali. Maana miaka minane, jamani! Hata mimi mzee nikiachiwa Ponso..."

"Biyang, acha ujinga. Penoy ni penoy. Si kosa lake, si kosa langu."

Sijui ni lile "si kosa lake" lililonichoma, lilivyosemwa kwa upole, kana kwamba ni zawadi. Niliona Idang ameinamisha kichwa, anaufungua mkanda wa sanduku na kuufunga tena, anaufungua na kuufunga. Nikasikia mdomo wangu unaongea.

"Si penoy! Wewe Mama, mwenye macho ya kumulika mji mzima, umekaa naye miaka minane hujaona? Ameshika mimba mara tatu! Tatu! Zote zimesimama njiani. Mmoja yuko hapo nyuma ya zizi, na wewe unapita juu yake kila asubuhi na ndoo ya konokono wa kulisha bata!"

Biyang akajishika kifua. Idang akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu.

"Trining," akasema. "Umeniua."

"Ni kweli, Ponso?" Mama akauliza. Hakumuuliza Idang, alimuuliza mwanawe.

Ponso akasimama. "Wa kwanza najua ni kweli," akasema. "Hao wawili nawasikia sasa hivi, kama wewe." Akamgeukia mkewe, kisha akaenda kukaa chini kando ya sanduku lake na kuliwekea mkono juu.

Mama aliweka chini chupa ya siki. Akaingia ndani, akapita jikoni, tukasikia mlango wa chumba cha kumulikia ukifungwa.

Biyang aliondoka bila siki yake. Sisi watatu tukabaki pale kibarazani. Nilimwomba Idang msamaha, akaurudia mkanda wa sanduku, kuufungua na kuufunga. Nilijua Mama yuko ndani anafanya nini, au nilidhani najua: anapanga namna ya kumtoa leo badala ya kesho. Yai la pete ya damu halisubiri asubuhi. Jua likaanza kushuka upande wa mto, na majirani wakaanza kutoa mishumaa yao milangoni. Ile ya makaburini ni ya waliozikwa na padri. Ya mlangoni ni ya wasio na kaburi: waliozama, waliopotea vitani, wale ambao nyumba haijui waliko. Kwetu hatukuwa tukiwasha ya mlangoni. Baba alikuwa na kaburi lake, na Mama alikuwa akisema sisi hatuna wa kuwasubiri.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka na pakiti ya mishumaa na kiberiti. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona Mama amelia, hata siku ile walipomleta Baba. Akapiga magoti kwenye kizingiti, akawasha mshumaa, akadondosha nta sakafuni, akausimamisha. Akawasha wa pili, na wa tatu.

"Idang," akasema bila kugeuka. "Hawa ni wako."

Idang hakusogea.

"Nani alilitoa sanduku hili?" Mama akaendelea, kwa ile sauti yake ya kugombeza. "Ponso, lirudishe chumbani kwenu. Watu wakipita watajikwaa."

Ponso akalibeba. Nami nikadhani yameisha, nikataka kuinuka nikaandae chakula. Lakini Mama alikuwa bado amepiga magoti. Akatoa mshumaa mwingine kwenye pakiti, akausimamisha upande wa pili wa kizingiti, mbali kidogo na ile mitatu. Kisha mwingine. Kiberiti kilimzimikia mara mbili. Alipomaliza ilikuwa minne.

Ponso alikuwa amerudi, amesimama mlangoni juu yetu. "Hiyo ni ya nani, Mama?"

Kati ya Ponso na mimi kuna miaka tisa. Nimeishi na miaka hiyo tisa tangu nizaliwe na sikuwahi kuuliza ilijaa nini.

"Ya ndugu zenu," Mama akasema. "Mlikuwa sita. Baba yenu peke yake ndiye aliyejua."

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka mtoni, na miali ikalala upande mmoja. Ndipo Idang akainuka. Akaipita mishumaa yake mitatu, akapiga magoti ng'ambo ya kizingiti karibu na Mama, akaikinga ile minne kwa mikono yake miwili yenye makovu ya mpunga.